Uso wa Mwenye Eda

Tsuma wa Ngala hakuwa na gari, wala pikipiki, wala baiskeli. Hakuwa na ofisi yenye kibao mlangoni. Hakuwa na shahada, ila cheti kimoja cha masomo ya miezi tisa, alichokitundika kwa msumari na baadaye akakiondoa kwa sababu ukuta ulikuwa unavuja. Hakuwa na mama. Alikwisha kumzika kule Taru alipokuwa darasa la sita. Baba alikuwa naye, lakini baba huyo alikuwa mtu wa mbuzi na wa maneno machache, ambaye kila akipigiwa simu aliuliza kama mvua imenyesha Ukunda, akajibiwa, akakata. Hakuwa na dada wa kumtuma kwa watu, wala shangazi wa kumsemea. Na kwa wiki tatu sasa hakuwa tena na mtu wa kumpigia simu saa moja ya jioni na kumwuliza amekula nini.

Hilo la mwisho ndilo lililomuuma.

Alichokuwa nacho ni kamera moja iliyokwisha kutumiwa na mwingine, maikrofoni yenye manyoya kama paka, kompyuta, na chumba kimoja huko Ukunda nyuma ya mashine ya kusaga unga. Humo alitengeneza filamu za maisha ya kweli. Hakuandikwa kazi na kituo chochote cha televisheni. Alikwenda palipo na watu wenye shida, akakaa nao mpaka wakaisahau kamera, kisha akawaonyesha wakubwa yale ambayo hawakuwa na nafasi ya kwenda kujionea. Alikuwa na mwenzake mmoja, Purity, msichana wa bara mwenye mikono myepesi, aliyekata na kuunganisha picha huku akitafuna njugu.

Filamu yao ya mwisho ilihusu njia ya makaburini ya Vidziani, kijiji kidogo karibu na Msambweni. Mtu mmoja wa mbali alikuwa amenunua kiwanja kando ya bahari na kukijengea ukuta, na ukuta ule ukaikata njia ambayo watu wa Vidziani waliitumia kupeleka maiti wao tangu enzi za mababu. Kwa miaka miwili watu walizika kwa kufuata maji. Maji yakiwa yametoka, jeneza lilipitishwa ufukweni chini ya ukuta. Maji yakiwa yamejaa, maiti alilazwa akingoja, au wachukuzi waliingia baharini mpaka kiunoni na jeneza juu ya vichwa vyao.

Aliyeanza kulipigania jambo hilo ni Mzee Mwarandani, na aliyelieleza vizuri kuliko wote mbele ya kamera ni mkewe, Bi. Biasha. Alizungumza dakika tano bila kupepesa macho. Alisimulia jinsi wimbi lilivyoruka na kuilowesha sanda ya mjukuu wake wa siku tisa. Mzee alikuwa ameketi kando yake akitazama mikono yake mwenyewe. Na aliyeshika maikrofoni siku hiyo, kwa kuwa Purity alikuwa na homa, ni binti yao, Mwanapili, mkunga wa hospitalini, ambaye kabla ya kuishika alimwambia Tsuma avue viatu, maana amesimama juu ya mkeka wa kuswalia. Hapo ndipo Tsuma alipomwangalia vizuri kwa mara ya kwanza. Miezi minane baadaye Mzee Mwarandani alimkubali kuwa mkwewe, wakapanga ndoa.

Ndoa haikuwahi. Mzee alishikwa na kifua, akafariki siku ya bamvua, maji yakiwa yamejaa hadi kwenye ukuta. Wakampitisha baharini yeye mwenyewe. Bi. Biasha akaingia eda. Kwa miezi minne na siku kumi asitoke nyumbani ila kwa dharura, asijipambe, wala mwanamume asiye maharimu wake asimwone.

Siku ya arubaini na moja ya eda hiyo, siku ya Jumamosi baada ya adhuhuri, kamati ya ardhi ilifika Vidziani kutazama filamu. Walisema wana siku moja tu. Tsuma na Purity walifunika madirisha ya darasa kwa maturubali, wakatandaza shuka nyeupe ukutani. Wanaume wa vijiji vitano walijazana humo, na maofisa wakakalishwa mbele. Uso wa Bi. Biasha ukatokea, mkubwa kama mlango. Ulipoondoka, mwenyekiti wa kamati aliomba maji ya kunywa. Wiki ile ile amri ikatoka, ukuta ukavunjwa upana wa hatua nane.

Kijiji kilishangilia siku mbili. Siku ya tatu alikuja Mjomba Ramadhani, mwuza mbao wa Msambweni, kaka yake Bi. Biasha. Na kwa Wadigo mjomba si mgeni wa harusini. Mjomba ndiye mwenye neno juu ya watoto wa dada yake. Hakupiga kelele. Alimwambia Tsuma kwamba dada yake yuko ndani hata kivuli chake hakionekani, naye Tsuma amemtoa akamtundika ukutani kama kalenda, wanaume wa vijiji vitano wakamtazama mpaka wakashiba. Akasema habari ya Mwanapili imekwisha. Akamkataza Mwanapili kumpigia simu, na Mwanapili akatii, kwa kuwa nyumba ina msiba na mama yake hawezi kutoka kumtetea.

Ndivyo zilivyopita wiki tatu. Tsuma alijifunza kula wali kwenye sufuria, amesimama.

Siku ya Jumanne, adhuhuri, mlango uligongwa, na aliyegonga ni Mwanapili.

Alikuwa ametoka kazini. Chini ya buibui ulionekana upindo wa sare yake nyeupe. Purity alimtazama, akamtazama Tsuma, akasema kwamba amekumbuka hajanunua mahamri. Alipofika mlangoni aliurudisha ukaegemea jiwe, ubaki wazi, watu wasije wakapata la kusema. Mwanapili akaketi kwenye kigoda karibu na mlango. Hina ya kucha zake ilikuwa imepanda mpaka ncha, imebaki kama mwezi mwembamba. Tsuma aliitazama hina ile kwa sababu hakuweza kumtazama usoni.

"Umekula?" Mwanapili aliuliza.

"Nimekula."

"Mwongo. Sufuria iko pale imekauka."

Wote wawili walitaka kucheka, ila hakuna aliyeanza.

Mwanapili akaeleza kilichomleta. Kwa wiki tatu amekuwa akimwendea mjomba wake dukani kila akitoka zamu, akisimama kati ya mbao mpaka wateja waondoke, akimwomba. Jana mjomba amelegea. Ameita wazee watatu wakae barazani kwake siku ya Ijumaa baada ya swala. Tsuma aende. Aseme kwamba yeye ni mtu wa Taru, hakulelewa katika mambo haya, na hakujua kwamba picha ya mwenye eda ni sawa na mwenye eda mwenyewe. Aombe radhi, atoe doti moja ya nguo nyeupe kwa ajili ya Bi. Biasha. Wazee watasoma fatiha, na ndoa itarudi mahali pake.

"Hata Mjomba mwenyewe anataka yaishe," alisema. "Anakupenda yule. Amesema kama kijana hakujua, hakuna kosa. Neno ni moja tu, Tsuma. Sikujua. Mtoto wa chuoni anayeanza alifu analiweza."

Tsuma aliitazama tena hina. Upande wa pili wa ukuta mashine ilianza gunia jipya, na vikombe vikalia mezani.

"Mbona hunitazami?"

"Mwanapili, nilijua."

Alidhani amesema polepole mno na mashine imelimeza neno. Lakini mkono wa Mwanapili uliokuwa ukichezea pindo la buibui ulisimama.

Tsuma akamweleza yote. Asubuhi ile, alipokuwa akifunika dirisha la mwisho, alimkumbuka Bi. Biasha. Alibaki juu ya kiti na turubali mkononi. Aliwaza kushuka aende mpaka mlangoni kwake, abishe hodi, aombe ruhusa. Nyumba haikuwa mbali. Akaogopa kwamba ataambiwa hapana, na kamati haitarudi, na filamu bila mama yule ni ukuta na mchanga tu. Kwa hiyo hakuenda. Aligonga msumari wa mwisho akashuka.

"Kwa hiyo hukusahau," Mwanapili alisema.

"Sikusahau."

"Wiki tatu nimekula kiapo kwa ajili yako. Nimesimama mbele ya mjomba wangu nikasema wallahi Tsuma hakujua, hao ni watu wa mbuzi na vumbi, watayajulia wapi mambo ya eda. Nimekufanya mjinga nipate kukuokoa."

"Ningekuambia. Hukuwa ukipiga simu."

"Sikuwa naruhusiwa kupiga simu."

Akainama. Tsuma alitamani asogee, hata hatua moja, lakini mlango ulikuwa wazi na wanawake walikuwa wamepanga foleni na mahindi yao hapo nje. Akabaki alipo. Kuna upweke wa kuwa peke yako, na kuna ule wa kukaa hatua tatu kutoka kwa umpendaye, ukajua kuwa hatua tatu zile huziwezi. Huu wa pili ndio mgumu.

Mwanapili alipoinua uso, macho yalikuwa makavu.

"Haya. Umeniambia mimi, na Mungu amekusikia. Yatosha. Ijumaa nenda ukaseme hukujua."

"Baada ya kukuambia nilijua?"

"Baada ya kuniambia. Wale wazee watatu wana haki gani kuliko mimi? Mmoja wao haoni vizuri, hata hiyo filamu aliisimuliwa."

"Mwanapili, mimi kazi yangu ni kuwaomba watu waseme kweli. Nilimwambia hivyo marehemu baba yako, na mama yako. Niliwaambia, semeni kweli, wala msiogope. Sasa mimi nikifikishwa mbele ya watu watatu..."

"Kazi yako," Mwanapili alimkata. "Mama amekaa ukutani dakika tano kwa ajili ya kazi yako. Mimi nikae nyumbani miaka mitano?"

Tsuma alimwuliza kama angependa mume anayeanza ndoa kwa uongo.

"Mimi ningependa mume," alisema Mwanapili. "Hayo mengine tungeyazungumza tukiwa ndani."

Alisimama, akajiweka buibui sawa, akakung'uta vumbi la unga lililomwangukia begani. Mlangoni aligeuka. Tsuma alimjua kwa mwaka mzima, lakini hakuwahi kuona amemtazama namna ile, kama mtu anayejaribu kukariri.

"Ijumaa, baada ya swala," alisema. "Usipokuja nitajua umechagua nini."

Purity aliporudi na mahamri alimkuta Tsuma ameketi kwenye kigoda kile kile. Aliweka mfuko mezani, akasimuliwa kwa ufupi yaliyotokea. Baadaye kidogo alisema, kwa Kiswahili chake cha bara, "Boss, si useme tu hukujua? Watu hudanganya hata kwa mambo haina faida."

Tsuma aliinuka akaenda kuisugua sufuria. Jambo lililomsumbua halikuwa Purity wala wale wazee. Alijiuliza ni nani hasa aliyekosewa, na akaona kuwa si Mjomba Ramadhani. Ni Bi. Biasha, na huyo hajaombwa radhi na mtu yeyote.

Alhamisi, baada ya alasiri, alikwenda Vidziani.

Alipita kwenye ukuta uliovunjwa. Matofali yalikuwa yamekwisha kuchukuliwa na watu, na katikati ya pengo njia ilikuwa imeanza kuonekana tena, nyembamba, nyeupe, nyayo juu ya nyayo. Mwanamke mmoja aliyebeba kuni alimsalimu kwa furaha akamwita mwana wetu wa picha. Tsuma alimwitikia, akaona haya.

Barazani kwa marehemu palikuwa na bibi jirani akisuka ukili. Bibi huyo hakuwa akisikia vizuri, na alitaka kujua kwa sauti kubwa ni nani huyo, mwuza samaki au mtu wa sensa. Tsuma alijitaja mara tatu. Kutoka ndani, nyuma ya pazia zito la mlangoni, sauti ikasema, "Mwache aketi, bibi. Namjua."

Tsuma aliketi kwenye sakafu ya baraza, uso ameuelekeza uani, mgongo kwenye pazia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekonda."

"Umejuaje, mama, na hunioni?"

"Sauti imekonda."

Miaka sita Tsuma alikuwa amefanya kazi ya kutazama nyuso za watu. Alijua jicho linalotaka kulia na mdomo unaotaka kuficha jambo. Sasa hakuwa na uso wa kuutazama, ila sauti tu, na akagundua kuwa anaogopa. Aliomba radhi. Alimweleza habari ya turubali na msumari wa mwisho kama alivyomweleza Mwanapili, hakupunguza kitu. Akasema amekuja si kwa sababu ya ndoa, bali kwa sababu mama ndiye aliyekosewa, na kesho watu watazungumza habari zake bila yeye kuwapo.

Bibi jirani alikata kipande cha ukili kwa meno.

"Kutoka hapa hadi shuleni ni hatua ngapi?" Bi. Biasha aliuliza.

"Mia moja na hamsini, mama. Labda mia mbili."

"Na zile spika zako ulizitoa kwa nani, kwa watu wa siasa? Mwanangu, nilisikia kila neno. Nilikuwa nimeketi juu ya mkeka huu nikajisikia nikisema habari za mjukuu wangu. Nilisikia wanaume wanakohoa."

"Nisamehe, mama."

"Ngoja. Sijamaliza. Asubuhi ile, kabla hajaenda zamu, Mwanapili aliniambia, mama, leo wanaonyesha. Mimi nilikuwa na ulimi. Nilikuwa na watu wa kuwatuma, hata huyu bibi kiziwi angekwenda. Ningesema neno moja tu, mwambieni asinionyeshe, nawe usingenionyesha. Ungeonyesha?"

"Nisingeonyesha."

"Basi. Sikulisema."

Tsuma karibu ageuke. Akajizuia, akashika ukingo wa baraza.

"Kwa nini, mama?"

Sauti iliporudi ilikuwa imeshuka.

"Mwarandani alizikwa na sanda iliyolowa maji ya chumvi. Miaka miwili alikwenda kwenye ofisi zao akakaa kwenye mabenchi yao, wakamwambia njoo kesho. Nikasema nafsini mwangu, hawa watu wamekwisha kuona makaratasi, na wauone uso. Nikajifunika, nikamwomba Mungu msamaha kabla picha haijaanza." Kisha akasema, "Nilijua kaka yangu atakasirika. Nilifikiri ni hasira ya siku tatu. Sikujua kwamba atakwenda kumshika Mwanapili."

Mlango ambao Tsuma alikuwa akiutafuta wiki tatu ulikuwa umefunguka mbele yake. Akasema kwamba mama akimtumia Mjomba neno hilo, hata kwa mdomo wa Mwanapili, kila kitu kitakwisha leo leo.

"Siwezi, mwanangu."

Akamweleza taratibu, kama anayemweleza mtoto. Ramadhani ametangaza Msambweni nzima kwamba dada yake amedhulumiwa. Bi. Biasha akisema leo kwamba aliridhia, Ramadhani atakuwa kaka wa mjane aliyetaka kutazamwa mumewe akiwa na siku arubaini tu ardhini. Watu hawatasema alitaka njia ifunguliwe. Watasema alitaka kutazamwa. Na Mwanapili atakuwa binti wa huyo.

"Nimebakiwa na siku sitini na zaidi humu ndani," alisema. "Nitayasikia yote kama nilivyozisikia spika zako, na siwezi kutoka kujibu. Lakini sikuamrishi. Nimekueleza kwa sababu wewe umenieleza. Kesho ukitaka kulitaja, litaje. Sitakukana."

"Wakiniuliza kama kuna mtu wa nyumba hii aliyejua?"

"Ramadhani ataliuliza. Namjua. Na hilo ndilo linaloninyima usingizi."

Jua lilikuwa limeshuka mpaka kwenye minazi ya uani. Bibi jirani alipiga kelele kwamba kama huyo ni mwuza samaki aache changu wawili. Tsuma aliinuka akaaga. Alikuwa amefika hatua ya pili pale sauti ilipomfuata nyuma ya pazia.

"Mwapeleka lini Majoreni?"

Majoreni nako njia ya kisimani ilikuwa imezibwa, na watu wa huko walikuwa wameomba filamu. Tsuma akasema hawataipeleka tena.

"Wapelekeeni. Uso wangu utoe. Sauti iache."

Ijumaa asubuhi alimwambia Purity wautoe uso. Purity aliacha kutafuna.

"Unajua ukitoa huyu mama filamu inakufa? Kabisa. Ni kama chai bila majani."

"Toa uso. Sauti ibaki."

"Na tuweke nini hapo?"

Tsuma hakuwa na uhakika. Waliipitia picha yote iliyobaki, na mwisho wakachukua ile ya maji yakipanda chini ya ukuta, polepole, siku ambayo hakuna aliyekuwa akizikwa. Wakaiweka pale kwa dakika tano. Hapakuwa na mtu kwenye picha. Maji yalikuwa yakipanda, na sauti ya Bi. Biasha ikisema juu yake. Ilipokwisha Purity alisema ni afadhali uso, uso unaweza kuuzoea. Akatoka nje akasimama na wanawake wa mahindi.

Adhana ilipotoka Tsuma alikwenda kuswali msikiti wa pale pale Ukunda. Alikuwa amevaa kanzu aliyoinyoosha kwa ajili ya Msambweni, na doti nyeupe ilikuwa kwenye mfuko kitandani. Alijua kuwa hatakwenda. Akienda ataulizwa. Akisema hakujua, atakuwa amemdanganya kila mtu isipokuwa Mwanapili na mama yake, na Mwanapili atakuwa mke wa uongo huo maisha yake yote. Akisema alijua, Mjomba atauliza swali la pili, ni nani mwingine aliyejua, na mbele ya wazee watatu hata kunyamaza ni jibu. Barua haiulizwi swali. Mtu husema ndani yake alilotaka kusema, akaifunga.

Aliketi mezani. Karatasi ya kwanza aliichana kwa sababu ilikuwa na maneno mengi ya kujitetea. Ya pili ilikwenda vizuri mpaka alipoandika, kosa ni langu peke yangu. Hapo kalamu ilisimama. Peke yangu haikuwa kweli, na yeye alijua kuwa si kweli tangu jana alasiri. Akiliacha neno hilo anasema uongo. Akilifuta, mtu mwenye akili kama Ramadhani ataliona pengo. Alikaa muda mrefu na sentensi ile moja. Simu ilitetemeka mezani. Ni Mwanapili. Tsuma alilitazama jina mpaka likazimika, kwa kuwa alijijua: akiisikia sauti yake, atainuka avae viatu. Ikatetemeka tena. Kisha ukaja ujumbe.

Wazee wameketi. Uko wapi?

Alichukua karatasi ya tatu akaandika mfululizo, kwa hati yake kubwa ya mtu aliyejifunza kuandika vizuri kwa kupenda:

*Mjomba Ramadhani, assalamu aleikum.*

*Naandika badala ya kuja, na najua huu ni utovu wa adabu juu ya ule wa kwanza. Umenipa nafasi ya kusema kwamba sikujua. Nakushukuru kwa nafasi hiyo, lakini nilijua. Asubuhi ile niliikumbuka eda ya Bi. Biasha, nikaogopa kuomba ruhusa, nikaonyesha. Mwanapili alipokuapia, aliapa juu ya jambo aliloliamini, maana sikuwa nimemwambia. Usimhesabie.*

*Kosa langu nalibeba mwenyewe. Simtafuti mtu wa kunisaidia kulibeba.*

*Uso wa dada yako nimekwisha kuutoa. Hautaonyeshwa tena popote, mpaka atoke eda na aseme mwenyewe atakalo.*

*Kuhusu Mwanapili siombi kitu leo. Eda ikiisha nitakuja mpaka barazani kwako. Ukinifukuza nitaondoka, na nitakuwa nimesikia kwa masikio yangu. Akiolewa kabla ya hapo, namwombea heri, na nakuomba usimwambie kwamba niliandika neno hili.*

*Mimi, Tsuma wa Ngala.*

Aliisoma mara moja tu. Neno lile la kosa lilikuwa kweli, na halikumtaja mtu. Aliikunja mara tatu, akaitia kwenye bahasha, akalowesha gundi kwa ulimi na kuikandamiza kwa gumba kutoka kona hadi kona, polepole, kama mtu anayefunga jeraha. Juu yake akaandika jina la Ramadhani, na chini, Msambweni, duka la mbao.

Nje, Muange wa bodaboda alikuwa amelala chali juu ya tangi la pikipiki yake. Tsuma alimweleza mahali penyewe na kumwomba aende bila kupitia kokote, ampe mwenyewe mkononi, barazani, mbele ya watu walioketi naye. Muange aliigeuza bahasha akaicheka.

"Barua, kaka? Siku hizi? Si umpigie tu mzee wa watu?"

"Hii haipigiki."

"Ni ya mapenzi?"

Tsuma alifikiri. "Sijui itasomwaje," alisema.

Muange aliitazama kanzu ile iliyonyooshwa vizuri na isiyokwenda mahali, akaacha kucheka. Akaitia bahasha ndani ya koti lake, kifuani, akafunga zipu mpaka shingoni, akawasha pikipiki, na kuishika barabara ya Msambweni.